Mlango Uliomwogopa Mwenye Nyumba

Umetumiwa kisa hiki na mtu unayemwamini. Vizuri. Kisome hata hivyo kama umetumiwa na mtu usiyemjua.

Katika mji mmoja wa nyanda za juu, ule wa baridi inayotoa moshi mdomoni mpaka saa nne asubuhi, palikuwa na duka la uchapaji lililoitwa Chapa ya Luvanda. Duka lenyewe dogo: watu watano, kompyuta tatu, mashine mbili za kuchapa, na moja ya kukatia karatasi iliyokuwa na umri mkubwa kuliko nusu ya wafanyakazi. Walichapa kadi za harusi, ratiba za mazishi, kalenda za parokia. Lakini kazi iliyolipa duka heshima ilikuwa mitihani. Shule sita za sekondari za bondeni ziliungana kutunga mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, na kila mwaka zilimpa mwenye duka, Mzee Luvanda, auchape.

Ukutani, juu ya kompyuta, Mzee alikuwa amepaka kwa rangi ya bluu: HAPA TUNAAMINIANA.

Chini ya maneno hayo kilibandikwa kipande cha karatasi. Hapo ndipo lilipoandikwa neno la siri. Moja tu, la kompyuta zote, la barua pepe, la kila faili: jina la Luvanda na mwaka aliofungua duka. Fundi umeme akija analiona. Bibi harusi akija kuchagua kadi analiona. Aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha ubatizo analiona, na akipenda analinakili nyuma ya cheti.

"Sisi ni familia," Mzee alipenda kusema. "Familia haifungiani milango."

Maneno matamu hayo. Ubaya wa maneno matamu ni kwamba hakuna anayeyauliza maswali.

Na dukani humo kuuliza kulikuwa dhambi. Mtu alibisha hodi, akaulizwa "Nani?", akajibu "Mimi!", akakaribishwa. Mimi nani? Hilo halikuulizwa. Mwaka uliotangulia, meneja wa duka, Faustini, aliyekuwa shemeji yake Mzee, alithubutu kumpigia Mzee simu kuhakikisha kama kweli ndiye aliyeagiza kadi mia tatu zibadilishwe rangi. Mzee alikuja mwenyewe kumjibu, duka limejaa wateja.

"Mimi nikishasema, unakwenda kuhakikisha kwa nani? Kwa Mungu?"

Wateja walicheka, wakaibeba sentensi hiyo hadi sokoni. Watoto wakaiigiza. Na tangu siku hiyo agizo la Mzee halikuhakikishwa tena.

Wa mwisho kuajiriwa alikuwa Skolastika Mgaya, binti wa miaka ishirini na minne. Alipanga kurasa, alibana pini, alifunga vitabu, na kwa kuwa alikuwa wa mwisho, alifagia pia. Walimwita Skola. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, na huo wa pili ulishamponza mara mbili tatu.

Jumatano moja Sista Remija, mkuu wa mojawapo ya zile shule sita, aliingia dukani bila hodi. Aliweka simu yake juu ya meza ya kukatia karatasi. Kwenye kioo ilionekana picha ya ukurasa wa kwanza wa mtihani wa Hisabati, ambao ulikuwa ufanyike Ijumaa.

"Wanafunzi wangu wanao," alisema. "Wa shule zote sita wanao. Wameukariri mpaka nukta."

Mashine zikazimwa. Mzee Luvanda akavua miwani, akaivaa tena, kana kwamba picha ingebadilika.

Faustini ndiye aliyefungua kinywa kwanza. "Kikulacho ki nguoni mwako, Mzee. Tuanze na waliokuja juzi."

Hakutaja jina. Hakuhitaji. Macho yote yalikwenda kwa aliyeshika ufagio.

"Skola, lete mkoba."

"Mkoba wangu?"

"Una mkoba wa nani mwingine?"

Wakaumwaga juu ya meza ya kukatia, mbele ya Sista, mbele ya wateja wawili waliokuja kuchukua kadi za kipaimara. Kikatoka kitenge, kitana, hindi la kuchemsha lililofungwa kwenye gazeti, na karatasi kumi na mbili zilizochapwa upande mmoja. Faustini akazinyanyua juu kama bendera.

Zilikuwa kadi za harusi zilizoharibika. Karatasi za namna hiyo kila mtu dukani alizibeba nyumbani. Mama Kidehele, mpangaji wa herufi aliyekaa pale miaka kumi na tisa, alifungia karanga zake. Faustini mwenyewe aliwashia jiko la mkaa.

"Unatoa karatasi za ofisi!" alisema Faustini.

"Kila mtu anatoa," Skola alijibu. "Hata wewe."

"Wengine tunaaminika."

Rudia kuisoma hiyo. Wengine tunaaminika. Karatasi ni zile zile, tabia ni ile ile, mkoba tu ndio tofauti. Huko ndiko kuaminiana kulikopakwa rangi ya bluu ukutani: wakubwa wanaaminiwa, wadogo wanakaguliwa.

"Kaa pale kwenye benchi," Mzee alimwambia bila kumtazama. "Fundi wa kompyuta akija tutajua."

Skola akakaa kwenye benchi la wateja, mkoba mtupu magotini. Hakulia. Alikuwa akiwaza jambo moja tu: mji huu ni mdogo. Ukiitwa mwizi asubuhi, ikifika jioni hata muuza nyanya atasogeza kikapu chake ukipita. Na mji mdogo hauna jina la pili la kukupa.

Adhuhuri akafika fundi, mwanamke mfupi mwenye sweta la kijani na begi kubwa kuliko mgongo wake. Aliitwa Yusta. Alisimama kwanza mbele ya kile kipande cha karatasi ukutani, akakisoma, akapumua kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba umeegeshwa kwa ufagio. Kisha akakaa, akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena.

"Faili la Hisabati lilitumwa nje kwa barua pepe Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi," alisema. "Aliyetuma ameifuta barua yenyewe, kwa hiyo sioni ilikwenda wapi. Lakini kompyuta imeandika jina lake."

"Nani?" waliuliza kwa pamoja, na wa kwanza kuuliza alikuwa Faustini.

"Luvanda."

Ungesikia pini ikianguka, na duka lile lilikuwa na pini nyingi.

"Luvanda ni mimi!" Mzee akafoka.

"Ndiyo, Mzee. Anayewasha kompyuta ni Luvanda, anayepanga kadi ni Luvanda, aliyetuma mtihani ni Luvanda. Mmempa kila mtu jina moja na ufunguo mmoja. Hata akiingia mpita njia, kompyuta itasema ni wewe. Kwa namna hii huwezi kumjua mwizi. Na asiye mwizi hana pa kujitetea."

Pale kwenye benchi, Skola akasimama.

"Mzee, samahani. Mimi jina langu halikutajwa na mtu wala mashine, nikakaguliwa. Wewe umetajwa. Mkoba wako uko wapi?"

"Yesu na Maria!" Mama Kidehele akaangusha rula.

"Binti, adabu!"

"Adabu ninayo, Mzee. Ndiyo maana nimeanza na samahani."

Sista Remija alikohoa kikohozi kisichokuwa na mafua. Kisha akatoa hukumu yake. Shule zingetunga mtihani mwingine na kumpa Mzee nafasi moja ya mwisho baada ya wiki tatu, mradi Yusta aurekebishe mfumo wa duka. "Na huyu binti," akaongeza, "kama hamna ushahidi, arudi kazini. Mkimfukuza leo mtakuwa mmempata wa kusingizia, na mwizi wenu bado mnaye."

Basi kesho yake Yusta akawakusanya wote.

"Kanuni ni moja," alisema. "Mtu asiaminiwe kwa sababu tu yuko ndani, au anajulikana, au ni mkubwa. Kila anapotaka kufungua kitu, aulizwe: wewe nani, unathibitishaje, na kazi yako inahusiana vipi na kitu hicho? Kila mmoja atakuwa na jina lake na neno lake la siri. Akiliandika, tarakimu zitakuja kwenye simu yake, aziandike nazo. Na kila mmoja atafungua kile tu anachokihitaji kwa kazi yake. Wa kadi afungue kadi. Wa mitihani afungue mitihani."

Mama Kidehele alichukia waziwazi. "Miaka kumi na tisa! Leo niulizwe na kompyuta mimi ni nani? Mwanangu, hayo ni matusi."

"Mama, ulilazwa mwaka jana, siyo?"

"Nililazwa."

"Nesi alikuuliza jina kabla ya kukuchoma sindano?"

"Kila mara. Hata yule niliyemfundisha kusuka."

"Alikutukana?"

Mama Kidehele akafikiri. "Hapana. Kitanda cha pili alikuwepo mgonjwa mwingine wa jina langu." Akatoa simu yake. "Haya, lete hizo tarakimu."

Mzee Luvanda alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Sawa," alisema. "Wote waulizwe. Isipokuwa mimi. Na Faustini, huyu ni mtu wa nyumbani."

Yusta akafungua kinywa, ila Skola alishamtangulia.

"Mzee, mlango unaomuuliza mfagiaji na kumpisha mwenye nyumba, utajuaje kwamba anayepita ni mwenye nyumba kweli?"

Mzee akacheka. "Mji huu nani hanijui mimi?"

"Ndiyo hiyo hatari yenyewe. Kila mtu anakujua. Na mwizi pia anakujua."

"Basi!" Faustini akadakia. "Si anajua sana? Mitihani ashike yeye. Ikivuja tena hatuhangaiki na mkoba, tunaita polisi moja kwa moja."

Unauona mtego? Ufunguo anapewa aliyedhaniwa mwizi, ili siku ya balaa pasiwe na haja ya kutafuta. Mzee akauona mpango mzuri. "Umesikia, Skola?"

"Nimesikia. Naomba iandikwe."

Akaandika mwenyewe: mtihani hautoki nje ya duka mpaka anayeuomba afike mezani, au watu wawili wathibitishe kuwa ndiye. Mzee akasaini. Lakini kabla ya kurudisha karatasi, akaongeza kwa mkono wake maneno matano: isipokuwa kwa agizo la Luvanda.

Skola akayasoma maneno yale mara mbili, akaibandika karatasi ukutani. Yusta akatikisa kichwa, akabeba begi lake. "Nimefunga madirisha yote," alimwambia Skola pale nje. "Mlango wa mbele amekataa."

Wiki tatu zikapita. Mtihani mpya ulifika, ukawekwa kwenye faili ambalo Skola peke yake aliweza kulifungua. Siku moja kabla ya kuuchapa, Mzee na Faustini walikwenda kijijini kwenye mazishi ya mzee wa ukoo, huko milimani ambako simu hushika kwa kubahatisha.

Saa nne asubuhi simu ya Skola ikaita mlio wa ujumbe. Namba ilikuwa ya Mzee Luvanda, ile ile iliyoandikwa kwenye bango la duka.

"Skola ni mimi. Sista anataka kuhakiki Hisabati kabla haijachapwa. Tuma sasa hivi," ukasema ujumbe, na chini yake anwani ya barua pepe.

Skola akampigia Sista. Simu imezimwa, saa hizo huwa darasani mpaka mchana. Akampigia Faustini. Haipatikani. Akabaki ameshika simu kwa mikono miwili, kama kikombe cha chai ya moto.

"Tuma tu, mwanangu," alisema Mama Kidehele. "Namba si yake?"

"Namba ni yake. Sijui kama mtu ni yeye."

"Namba yake, mtu mwingine? Skola, utafukuzwa leo leo."

Kabla hajajibu, simu ikaita. Namba ile ile. Akapokea, akaweka spika ili Mama Kidehele asikie.

"Shikamoo. Nani mwenzangu?"

"Mimi!"

"Mimi nani?"

Sauti kavu ikapasuka, upepo ukivuma nyuma yake. "Unaniuliza mimi nani? Kwenye duka langu? Mimi nikishasema, unakwenda kuhakikisha kwa nani? Kwa Mungu?"

Mama Kidehele akapiga ishara ya msalaba. "Ni yeye! Maneno yake hayo! Sauti imekauka tu kwa vumbi la makaburini. Tuma, tuma, tuma!"

Fikiria ingekuwa wewe. Ukituma na mtihani ukavuja, polisi. Usipotuma, umekataa agizo la mwenye duka, na maneno matano ya mkono wake yapo ukutani yanakuhukumu. Kanuni ile ilipindishwa ili huyu binti ashindwe kila upande, na walioipindisha walikuwa msibani wakila wali.

Skola akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Mzee, mtihani utaupata ukifika hapa mezani. Na kama ni kunifukuza, utanifukuza umesimama mbele yangu."

Akakata simu.

Kisha akachukua kitenge chake, kikombe chake na kitana, akavipanga mkobani. Mkoba akauweka juu ya meza ya kukatia, mdomo wazi, ili safari hii pasiwe na wa kupata taabu ya kuumwaga. Akaendelea kubana pini.

Alasiri viatu vyenye udongo mwekundu vikasimama mlangoni.

"Hodi!"

"Nani?" akaitikia Mama Kidehele kwa mazoea.

"Mimi!"

Hakuna aliyecheka. Mzee Luvanda akaingia na Faustini nyuma yake, na kabla ya salamu akaanza kulalamika. "Tangu asubuhi laini yangu imekufa. Tumerudi mpaka mjini, bado imekufa. Nimezima nikawasha, nimetoa kadi nikaifuta, wapi!"

Skola alikuwa ameshasimama, maneno yake ameyapanga. "Mzee, agizo lako la leo sikulitekeleza. Mkoba ule pale."

"Agizo gani?"

"La kutuma mtihani wa Hisabati."

"Mimi? Na simu ipi? Si nakwambia laini imekufa?"

Mama Kidehele akatafuta kiti kwa mkono, akakikosa, akakaa juu ya rimu za karatasi.

"Hebu soma huo ujumbe," Mzee akaamuru.

Skola akausoma kwa sauti, neno kwa neno. "Skola ni mimi. Sista anataka kuhakiki Hisabati kabla haijachapwa. Tuma sasa hivi. Halafu kuna anwani: ofisi ya uhakiki..."

"...bondeni sabini na saba," akamalizia Faustini.

Alimalizia kama mtu anavyoitikia sala, bila kufikiri. Mdomo wake ukabaki wazi.

Skola akainua macho kutoka kwenye simu. Aliuliza polepole sana.

"Meneja, mimi sijafika huko. Umesomea wapi?"

Faustini akamtazama Mzee, akatazama sakafu, akazungumza na sakafu.

"Jumatatu ile niliandikiwa hivyo hivyo. Namba ilikuwa ngeni. Ikasema, ni mimi, simu yangu imeisha chaji, nimeazima, tuma Hisabati kwa anwani hii. Nikataka kukupigia nihakikishe. Nikakumbuka ulivyonifanya mbele ya wateja. Nikatuma. Jumatano Sista alipokuja nikajua, nikaifuta ile barua."

"Na mkoba wangu?" Skola akauliza.

Faustini akageukia mlangoni.

"Ulijua ni wewe, ukamwaga mkoba wangu. Ukanyanyua karatasi zangu juu. Wiki tatu napita sokoni watu wanashika mifuko yao, na wewe unanisalimia kila asubuhi, Skola umeamkaje."

Mzee Luvanda alishavimba. Mkono ulikuwa hewani, sauti imeshafika kooni, ile sauti ambayo mji mzima uliijua. "Wewe Faustini, mpumbavu mkubwa, mimi..."

"Usifoke, Mzee!"

Hakuna aliyewahi kumwambia Mzee Luvanda neno hilo. Mkono ukabaki ulipokuwa.

"Kufoka ndiko kulikotufikisha hapa," alisema Skola. "Huyo mwizi aliyenipigia leo hajui hata sauti yako, ya kwake ni kavu. Alichoiga ni ukali wako. Akafoka kidogo, akatamka yale maneno yako ya sokoni, na Mama huyu mwenye miaka kumi na tisa hapa akaapa kuwa ni wewe. Umetufundisha kwamba anayefoka ndiye mwenye duka na anayeuliza ndiye adui. Sasa mjini hapa wafokaji wako wangapi?"

Mzee akashusha mkono. Akatembea mpaka kwenye benchi la wateja, lile lile, akakaa. Baadaye Yusta aliwaeleza kwa simu ya Mama Kidehele kilichotokea: mtu amejifanya Mzee Luvanda, akadai amepoteza simu, kampuni ya simu ikampa kadi mpya ya laini yenye namba ile ile. Ya Mzee ikafa, ya mwizi ikafufuka. Ile anwani ilipelekwa polisi, na mpaka leo wanamtafuta mwenyewe.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kwa wakati ule Mzee alikaa kwenye benchi, udongo wa makaburi ukikauka viatuni. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo ambayo haikujulikana kama anayo:

"Skola, kuanzia leo nakuamini kuliko wote humu ndani."

Hadithi nyingi zingeishia hapo. Binti angepiga goti, angeshukuru, angepewa umeneja. Huyu alitikisa kichwa.

"Usiniamini, Mzee. Uliniamini kidogo, ukamwaga mkoba wangu bila ushahidi. Ukiniamini sana, utaacha kuniuliza hata siku ninapokosea. Yote mawili yatatuua. Mimi sitaki kuaminiwa. Nataka kuulizwa kama utakavyoulizwa wewe. Na kwa kuwa ulinichafua mbele ya watu, nisafishe mbele ya watu."

Jumatatu iliyofuata duka lilikuwa limejaa. Sista Remija alikuwepo kuchukua mitihani yake, imefungwa na kutiwa lakiri, haikupungua hata karatasi moja. Faustini alisimama akamweleza Sista kwa kinywa chake mwenyewe nani aliyetuma ule wa kwanza, na nani aliyesingiziwa. Maneno yalimtoka kama mtu anayetema miba.

Kisha Mzee Luvanda akauweka mkoba wake wa ngozi juu ya meza ya kukatia, akaupindua.

Ikaanguka miwani ya akiba. Ikaanguka rozari. Zikaanguka pipi mbili za kifua. Na mwisho, taratibu, zikateleza karatasi zilizochapwa upande mmoja, kadi za kipaimara zilizoharibika. Mzee akazihesabu mbele ya wote. Kumi na sita.

"Mke wangu anafungia vitumbua," alisema.

Mteja mmoja alicheka, kisha duka zima, na Skola naye akacheka kwa mara ya kwanza katika mwezi. Mzee akachukua kalamu, akaenda kwenye ile kanuni ukutani, akayafuta maneno yake matano. Akakaa kwenye kompyuta. Akaandika jina lake, neno lake la siri, akasubiri tarakimu kwenye simu kwa miwani iliyoshuka puani, akaziandika moja moja kwa kidole kimoja. Kompyuta ikampokea. Akajaribu kufungua faili la mitihani.

Huna ruhusa, kompyuta ikasema.

Mzee akageuka kumtazama Skola. Duka zima likasubiri ile sauti.

"Skola," alisema Mzee, "ni mimi."

"Mimi nani?"

Mzee akavuta pumzi. "Mimi Desideri Luvanda, mwenye duka. Nilitaka kuona tu. Kazi ya mitihani hainihusu."

"Karibu, Mzee," alisema Skola, akaendelea kubana pini.

Mtumie bosi wako kisa hiki. Akikuuliza umekipata wapi, mpongeze: ameanza kuuliza.

Funzo: Anayekataa kuulizwa yeye ni nani ndiye mlango atakaoupitia mwizi. Muulize kila mtu, kila mara, kuanzia aliye juu. La sivyo usimwage mkoba wa aliye chini.